Walio Sofani na Walio Mkekani

Kompyuta ya zamani ya nyumbani kwetu ilikataa Windows 11, na Windows 10 yenyewe Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Binti mkubwa, aliye mwaka wa tatu chuoni, alilitangaza hilo mezani kwa sauti ya msiba. Baba watoto akauliza kama mashine inawaka. Akajibiwa kwamba inawaka. "Basi tatizo liko wapi?" akasema, akaendelea na samaki wake.

Tatizo lilikuwa zamu yangu ya mchezo. Kijumbe alinikabidhi fedha Jumatatu, na hadi jioni kila mtu mle ndani alikuwa ameshazipangia matumizi. Mama mkwe alitaka friza. Kijana wa darasa la sita alitaka kompyuta ya magemu, ile yenye taa za rangi kwenye kibodi. Mimi nina daftari la oda za keki lililolowa siagi hadi tarakimu hazisomeki, kwa hiyo nilijua pesa yangu inakwenda wapi: laki saba, isizidi hapo, kwa kompyuta mpakato itakayoandika ripoti ya binti, ihesabu unga na mayai, ioneshe mpira na tamthiliya. Mpya nilizoziona kwa bei hiyo zilikuwa na RAM ya GB 4 na plastiki inayolia ukiiminya. Nikaamua kuchukua mtumba wa ofisini, zile ambazo kampuni za Ulaya na Marekani huzitumia miaka mitatu minne, kisha huziuza zikiwa bado na nguvu.

Shemeji yangu, fundi simu, akanisindikiza Kariakoo. Hatujafika mbali Mtaa wa Aggrey, winga akatudaka, akatuingiza dukani na kutufungulia ThinkPad T470. "Mama, hii chuma. Core i7! i5 ya nini tena?" Pembeni ilikuwepo T480 yenye i5, bei ikipungua elfu ishirini tu, naye hakutaka hata kuigusa.

Shemeji akainama kusoma namba yote ya prosesa: i7-7600U. Akanivuta kando. Ile 7 inayofuata kistari, akaniambia, ndicho kizazi chake, na hiyo ya kizazi cha saba ina viini viwili tu. Ile i5 ilikuwa 8350U, kizazi cha nane, viini vinne. Isitoshe, kwa upande wa Intel, Windows 11 inaanza kuzipokea prosesa kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana zilizotangulia. Kwa hiyo i7 ya winga ingeturudisha palepale tulipotoka, safari hii tukiwa na cheo. Tukabeba T480 yenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, pamoja na waranti ya wiki mbili iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya risiti.

Dukani kila kompyuta ni nzuri. Imewekwa mezani, chaja imechomekwa, nawe umesimama mbele yake sawasawa. Nyumbani hakuna anayeitazama hivyo.

Usiku huohuo tukafungua tamthiliya. Sofani tulikaa mimi, mama mkwe na baba watoto; watoto mkekani. Haukupita muda kijana akauliza, "Mbona huyu mama mwenye nyumba ameungua uso?" Mama mkwe akamkemea: aliyemwona yeye alikuwa mwanamke amepauka, lakini hakuungua popote. Ukazuka ubishi wa kweli, hadi nikashuka mkekani kuhakiki. Ukikaa chini rangi ziligeuka kinyume, nywele zikang'aa na uso ukawa giza tupu. Nikapanda sofani: uso umepauka. Aliyeona picha ya haki alikuwa baba watoto peke yake, aliyeketi katikati, naye alikuwa amelala.

Kumbe kioo kilikuwa cha aina ya TN, doti 1366 kwa 768, ilhali muuzaji alitwambia ni Full HD. T480 zilitoka kiwandani na vioo tofauti. Zipo zenye TN na zipo zenye IPS ya 1920 kwa 1080, na ukiifunga huwezi kujua ipi ni ipi. Dawa yake haina gharama. Fungua picha ya uso wa mtu, kisha chuchumaa uitazame kutoka chini ya meza. Watu watakushangaa, waache washangae.

Kioo hakijapoa, umeme ukakatika binti akiwa katikati ya sura ya tatu ya ripoti yake. Muuzaji alikuwa ametuahidi saa nane za chaji. Kabla ya saa ya tatu kutimia binti alikuwa kizani, akilia. Shemeji akamwelekeza kwa simu, umeme uliporudi, aandike powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Hapo Windows yenyewe inakutengenezea ukurasa unaoonesha betri ilizaliwa na kiasi gani na sasa imebaki na kiasi gani. Mashine hii ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa nyuma. Ya ndani ilizaliwa na Wh 24, ikabaki na 11. Ya nje ilikuwa 24, ikabaki na 17. Jumla 28, na kazi ya kuandika huku intaneti ikiwa wazi ilikuwa inakula kama Wh 10 kila saa. Hesabu ya keki inatosha kukuonesha kwamba saa nane hazipatikani humo. Kwangu mimi ukurasa ule una thamani kuliko vibandiko vyote vilivyobandikwa kwenye kava.

Tukarudi Kariakoo waranti ikiwa hai. Muuzaji alikana, akakumbuka, akacheka, kisha akabadilisha kioo kwa sisi kuongeza elfu sitini. Betri ya nje nikanunua kwa fedha ya keki, ile nene ya Wh 72 inayoinua kompyuta nyuma. Binti sasa anamaliza jioni nzima bila umeme. RAM tukaiongezea GB 8 nyingine, maana nafasi zipo mbili na shemeji alikuwa nayo dukani kwake.

Kibodi niliipenda tangu siku ya kwanza, ingawa kitufe cha Fn kimekaa pembeni kabisa, mahali ambapo kidole changu kinatafuta Ctrl. Nilikuwa nakopi oda na hakuna kinachokopika, hadi binti alipoingia kwenye mipangilio ya BIOS akavibadilisha nafasi. Ndipo kitinda mimba akaimwagia kikombe cha uji wa ulezi. Kibodi za ThinkPad hizi zina vijitundu vya kupitishia maji yakatokee chini, na ingekuwa maji nisingeandika haya. Uji wenye maziwa na sukari hauna haraka ya kutoka. Tukazima, tukachomoa betri ya nje, tukaipindua juu ya taulo. Mama mkwe akaagiza izikwe kwenye mchele. Shemeji akakataza kwenye simu kwa sauti iliyosikika hadi uani: mchele unaacha vumbi na punje zinaingia kwenye matundu. Tukaenda kulala.

Asubuhi ikawaka, herufi A na S zikiwa zimeganda, na kile kidoti chekundu cha kuongozea mshale, kilichokaa katikati ya G, H na B, hakipo. Kijana akashukiwa. Paka wa jirani akashukiwa. Shemeji akaleta kibodi nyingine, kidoti chake kikiwemo, maisha yakaendelea.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa na wageni, mama mkwe ameketi uani na ungo, anachambua mchele wa pilau. Mkono ukasimama. Akaokota kitu chekundu, akakigeuza, akakitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Mkwe," akasema, "siku hizi Kyela wanachanganya mchele na vitu vya ajabu."