Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Muhuri

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Muhuri,
Ofisi ya Vibali vya Stima (jina lake nimelistiri kwa adabu).

Mheshimiwa,

Mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mkazi wa Ikutha, kusini mwa Kitui, nakuandikia waraka huu hadharani, si kwa kuwa nimesahau staha ya kubisha hodi, bali kwa kuwa mlango wako nimeubisha mara saba, na karibu mara zote nikajibiwa, kwa upole usio na kifani, "Mzee, mtandao umepotea, rudi kesho."

Haja yangu ni ndogo. Nina vyumba viwili na sebule, vya matofali ya kuchoma. Nataka taa nne, soketi tatu, na swichi ya barazani, nipate kumwona nyoka kabla yeye hajaniona.

Sheria siikashifu. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imemkataza asiye na leseni kutia mkono katika nyaya za nyumba, na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, huwatahini mafundi na kuwapanga kwa madaraja, kuanzia C-2 lililo chini hadi A-1 lililo juu, ili kazi ikiisha awepo mtu mwenye maarifa wa kuipima na kuitilia sahihi katika cheti, nacho cheti kiitangulie mita. Hekima ya jambo hili haimfichikii yeyote aliyewahi kushika kitasa cha mlango wa bati siku ya mvua akapigwa shoti. Mwaka 2015, serikali ilipoishusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, tulipiga vigelegele, maana tulidhani kilichotukosesha nuru ni fedha na nguzo tu. Karatasi haikutupitia akilini.

Wala usidhani, Mheshimiwa, kwamba stima ni mgeni kwetu. Bwawa la Kiambere, ambalo limekuwa likiyageuza maji ya Tana kuwa umeme tangu mwaka 1988, liko pale pale mto unapotutenga na Embu, na nyaya nene zitokazo huko kwenda Rabai hukatiza nyika ya Ukambani juu ya mibuyu na mizinga ya nyuki, zikivuma usiku kucha kama watu wa uradi. Tumezisikia muda mrefu. Tunachoomba sasa ni kuiona stima yenyewe.

Nyumba yangu aliifunga nyaya kijana wa jirani, aliyejifunza kazi kwa mjomba wake huko Mtito Andei, na ambaye leseni hana kwa kuwa kila akipata ada hukosa nauli, na akipata nauli ada imekwisha kuliwa na karo ya wadogo zake. Nilikaa chini ya mkwaju nikamtazama. Ardhi yetu ni kavu, nayo ardhi kavu haiupokei umeme uliotoroka. Basi kijana alichimba shimo lililomfika kifuani, akapigilia fimbo ya shaba, akaizungushia makaa na chumvi tabaka kwa tabaka, kisha akamimina madumu manne ya maji, maji ambayo mke wangu aliyafuata mtoni kwa punda, na ambayo hadi leo ananidai. Nilipomuuliza kama hayo yote ni lazima kwa taa nne, alinijibu, "Mwalimu, taa hazihitaji. Wajukuu wako ndio wanaohitaji."

Kazi ilipokwisha tukamtafuta mwenye leseni. Alipatikana Kibwezi, kaunti ya Makueni, ng'ambo ya mto Athi, na salamu alizotuletea mjumbe zilikuwa hivi: fundi mwenyewe hana nafasi, lakini sahihi yake inayo. Siku ya tatu sahihi ikavuka Athi juu ya bodaboda, imekunjwa ndani ya gazeti, bila mwenyewe. Nikavaa miwani nikaisoma hati ile, na kwa hakika nilitetemeka, kwani fundi huyu wa ghaibu, ambaye hajapata kukanyaga Ikutha, alikuwa amepima kila waya wa nyumba yangu na kuuona salama, na juu ya hayo akashuhudia kwamba jikoni mna soketi mbili zilizofungwa barabara, ilhali jiko langu ni mafiga matatu chini ya mkwaju ule ule. Nilidhani karama za namna hii ziliishia kwa mawalii.

Kwa kuwa nimefundisha hesabu miaka mingi na siwezi kulala na jibu lisilo sahihi, nilipanda matatu nikaja ofisini kwako kuungama kwamba jiko halipo. Karani wako aliisoma hati juu hadi chini, akaigeuza, akaiinua mbele ya dirisha, kisha akanirudishia. "Mzee, jiko si neno," akasema. "Ila muhuri umefifia."

Basi cheti kikavuka Athi mara ya pili, kikaogeshwe wino. Katikati ya safari zake nilisoma Katiba ya mwaka 2010, nikaona Jedwali la Nne linazitaja kaunti nazo katika usambazaji wa umeme na udhibiti wa kawi, nikabisha huko. Walinikaribisha vizuri sana, wakanielekeza kwako.

Ombi langu, Mheshimiwa, si kwamba ulegeze sharti. Likaze. Mtume mtu mmoja mwenye macho aje Ikutha, ainame kwenye shimo la yule kijana, aipime ile fimbo, na akiona ina kasoro aing'oe mbele yangu; na akiona haina, amtahini kijana hapo hapo, nauli isiwe tena ndiyo daraja. Chai ipo, ya mafiga.

Na kwa kuwa nimeitaja chai: siku ile ya kuungama, nilipokuwa nikingoja, niliona birika la umeme lililo nyuma ya meza ya mihuri. Halina plagi. Waya zake mbili zimechunwa ncha na kusokomezwa ndani ya soketi, zikabanwa kwa njiti za kiberiti, na karani huongeza njiti ya tatu maji yakichelewa kuchemka. Sikuuliza cheti chake kilitiwa sahihi na nani.

Pamoja na waraka huu pokea plagi mpya ya miguu mitatu, yenye fyuzi ya ampea 13, niliyoinunua Kitui mjini kwa pensheni yangu. Ningeifunga mwenyewe siku ile, bisibisi ilikuwa mfukoni, lakini mimi sina leseni.

Wako mtiifu, gizani,
Mwalimu mstaafu, Ikutha.