Asanteni kwa Kuukataa Mtihani wa Mdomo

Kwa: Kamati ya Mitihani, Kitivo cha Uhandisi
YAH: PONGEZI

Waheshimiwa,

Nimesikia kwamba pendekezo la kuwatahini wanafunzi wa uhandisi kwa mdomo mmelitupa kapuni. Hongereni sana. Mimi ni msimamizi wa ujenzi, vijana wenu wa mafunzo kwa vitendo huletwa kwangu, na matunda ya hekima yenu nayaona kila siku.

Mmoja wa juzi alikuja na A ya zege. Ripoti yake ina grafu za rangi, na Kiingereza chake kimenyooka kuliko kuta zetu. Msuka nondo akamuuliza, "Injinia, nondo kuu za roshani hii tuziweke juu au chini?" Kijana akatoa simu. Mtandao ukagoma. Fundi akasubiri weee, mwishowe akazilaza chini, nami nikawahi kuzuia zege lisimwagwe. Roshani imeshikwa upande mmoja tu. Ikielemewa, sehemu ya juu ndiyo inayovutwa, na zege likivutwa hupasuka, ndiyo maana nondo hukaa juu. Kulieleza hilo kunachukua nusu dakika. Lakini mngemuuliza mapema si mngemharibia A yake?

Hoja yenu ya muda naielewa. Wanafunzi 200 kwa dakika 15 ni saa 50, na semina za posho nani atahudhuria? Ya upendeleo nayo ina ukweli: mtahini akibaki peke yake na mtoto wa rafiki yake, alama hupanda zenyewe. Wapo wanaoweka watahini wawili na kurekodi sauti. Msiige. Mtabaki bila kisingizio.

Hatari kubwa ya mtihani wa mdomo ni swali la pili. Karatasi huuliza mara moja ikanyamaza. Mtu huuliza, akajibiwa, kisha akasema, "Kwa nini?" Hapo madesa hayasaidii, wala ile programu ya akili mnemba iliyoandika ripoti nzima huku mwenyewe akinywa chai.

Mwaka 1981, huko Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inia ndani ya hoteli ya Hyatt Regency viliporomoka, watu 114 wakafa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fito za chuma zilizopita moja kwa moja na kubeba vijia vyote viwili. Ukabadilishwa: cha chini kikaning'inizwa kwenye cha juu, na mzigo kwenye viungo vya kijia cha juu ukawa maradufu. Michoro mipya ikapigwa mhuri. Kwenye karatasi, kila kitu safi! Swali la kizembe tu, "Na nati hii sasa inabeba nini?", lingewaudhi watu wazima bure.

Nina ombi moja. Mafundi, mafomeni, wakaguzi na wenye nyumba wana tabia mbaya ya kuuliza bila taarifa, tena kwa Kiswahili, na wakijibiwa huuliza tena. Tafadhali waandikieni waraka: kuanzia sasa maswali yote yaletwe kwa maandishi wiki 2 kabla ya kumwaga zege, yasizidi matano, na injinia ajibu matatu tu anayoyapenda.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msimamizi wa Ujenzi