Mcheshi na Mwandishi Wake

Tawasifu ya kuchekesha, yaani kitabu ambamo mwigizaji husimulia maisha yake ya jukwaani huku akijicheka kabla wenzake hawajamwahi, ni bidhaa iliyostawi zaidi Uingereza na Marekani, ambako ile ya mwigizaji David Niven, iliyochapishwa mwaka 1971, iliuzwa kwa mamilioni, ingawa baadaye ilibainika kwamba baadhi ya visa alivyojipa viliwapata watu wengine.

Likasi, mji wa shaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, haujalemewa na vitabu vya aina hiyo. Mkazi wake aliyezoea kuvunjwa mbavu na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoigiza redioni na katika televisheni kwa Kiswahili cha Katanga, akitaka kusoma habari za kundi hilo kwa kirefu hupelekwa kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, yaani mtaalamu wa tamaduni za watu (hasa za watu wengine), ambaye kitabu chake cha mwaka 1990 kinaeleza jinsi swali lake kuhusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima lilivyogeuzwa na waigizaji kuwa mchezo kamili mwaka 1986, Rais Mobutu akiwa bado mezani. Kwa haki ikubaliwe kwamba mazungumzo ya waigizaji yamenukuliwa humo kwa Kiswahili chao na maelezo ndiyo ya Kiingereza, hivyo msomaji wa Likasi anaufahamu utani wote bila msaada, isipokuwa kurasa zinazomfafanulia kwa nini alicheka.