Kumtafuta Chogo

Chogo ananidai shilingi 5,000 tangu mwaka 1997. Alinikopesha stesheni ya Tabora siku ya kufunga shule, baada ya nauli yangu kuishia mahali ambapo sitapataja hapa kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Nilimwahidi kumrudishia muhula ukianza. Muhula ulipoanza hakuja, alikuwa amehamishiwa shule nyingine, nami, Mungu anisamehe, nikasema alhamdulillahi. Mwaka huu nimesikiliza khutba moja ya Ijumaa juu ya watu wanaokufa na madeni. Nilitoka msikitini nikiwa nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Tabu ya kwanza ni kwamba Chogo si jina. Tulimwita hivyo kwa ajili ya kisogo chake: mwenyewe akishaketi kwenye dawati, kisogo ndiyo kwanza kinapita mlangoni. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa Ali Hassan. Jina la tatu, la babu yake, sikuwahi kulijua. Nani anamuuliza rafiki yake jina la babu?

Nikaandika Ali Hassan kwenye Google. Nikaletewa Rais. Mzee Mwinyi wa awamu ya pili, 1985 hadi 1995, picha juu ya picha, Mungu amrehemu. Nikashuka kidogo, nikakuta barabara ya Dar es Salaam yenye jina lake, na foleni yake. Nikashuka tena, nikakuta uwanja wa mpira wa Tabora wenye jina hilohilo, ule ambao Chogo na mimi tulikuwa tukiruka ukuta wake. Nikajua nimekaribia. Ukurasa wa pili ukanitupa Iraq, kwa binamu wa Saddam Hussein aliyenyongwa mwaka 2010. Nilimtazama vizuri, maana miaka mingi imepita. Hapana. Chogo alikuwa akikimbia kuku akichinjwa.

Binti yangu wa kidato cha pili akanionea huruma. "Baba, weka alama za mtajo." Kumbe ukiyafunga maneno kwa alama za mtajo, yanatafutwa yakiwa yameshikana vilevile. Nikafunga. Akaja Rais yuleyule, safari hii akiwa ndani ya alama za mtajo.

"Labda anaandika Ally," akasema mtoto. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Kuna Ali, Aly, Alli na Ally. Kuna Hassan, Hasan, Hassani na Hasani. Chogo mmoja, majina 16, kutegemea karani gani alishika kalamu mbele ya baba yake. Nikajaribu Ally. Ikaja benki ya Marekani iitwayo hivyo, ikinihimiza nifungue akaunti ya akiba. Mimi, mdaiwa wa tangu 1997.

Facebook nako nilienda. Ali Hassan wamejaa kama dagaa sokoni, kila mmoja amevaa miwani ya jua na kuegemea gari lisilo lake. Lakini wote wamepigwa picha kwa mbele! Mimi mtu wangu namtambua kwa nyuma, na sijaona bado binadamu anayejitambulisha duniani akiwa amegeuka.

Saa tatu usiku nikaona basi, niulize kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Nikaandika: "Ndugu zangu, Chogo. Nimemkumbuka sana leo." Nikaenda kula.

Nilikosea. Kwenye makundi yetu, ujumbe wa usiku unaoanza na "Ndugu zangu" huwa na maana moja tu. Niliporudi nilikuta inna lillahi zimepangana, mikono ya dua haihesabiki, na mmoja ameuliza ametutoka lini. Mwingine alikwishamjibu: jana, nasikia ni presha. Mweka hazina alikuwa amefungua orodha ya rambirambi. Namba 1 nilikuwa mimi, 20,000, kwa kuwa ndiye mtoa taarifa.

Nikaandika haraka: "Jamani, sikusema amekufa!" Nikajibiwa: "Pole sana, ndugu yetu. Tunaelewa ni vigumu kukubali."

Kufika saa tano orodha ilikuwa imefika namba 14. Huyo wa 14 jina lake lilikuwa herufi mbili tu, A.H., picha yake waridi, na kwa miaka mitatu hakuwahi kutuma chochote zaidi ya salamu za Ijumaa. Alitoa 10,000 na hela akaituma hapohapo. Asubuhi ndipo alipouliza: "Samahani wakuu, huyu Chogo aliyefariki ni yule wa Nzega, au ni mimi?"

Namba nikaipata. Kabla ya kumwandikia nikafanya uchunguzi ambao Watanzania wa M-Pesa tunaujua: unajifanya unatuma pesa, jina la mwenye namba linatokea, unalisoma, unaghairi. Likatokea, majina yote matatu, bila Rais, bila Iraq. Miaka minne nimelala na mtu bweni moja, babu yake nimekuja kutambulishwa na simu. Kwa furaha nikamtumia ujumbe: "Ile hela yako niitume kwenye namba hii?"

Msomaji, wewe unajua nilichofanya. Mimi nilikijua baada ya Chogo kunijibu neno moja, "Tapeli," na kunifungia asinisikie tena. Ilibidi nirudi kundini, mbele ya waombolezaji wote, nieleze habari ya ukuta wa uwanja, nani alikuwa akimpandisha mwenzake na suruali ya nani ilichanika, ndipo akakubali kuwa ni mimi.

Zilikwishachangwa 190,000. Mweka hazina anasema pesa ya msiba hairudishwi, itatunzwa hadi itakapohitajika. Chogo ameuliza mara mbili itahitajika na nani, hajajibiwa. Ile 10,000 aliyojichangia anasema niirudishe mimi niliyetangaza, na sina cha kubisha. Deni sasa ni 15,000. Namba ninayo, jina la babu ninalo. Tunasubiri mwisho wa mwezi.