Mmeangalia Maji?

Kwa wiki 30 mfululizo, watu kumi na mmoja wa ploti yetu huku Sarang'ombe, Kibra, tulichanga shilingi 200 kila Jumapili ili twende kuona bahari. Kuchanga hakukutushinda. Kilichotushinda ni kukubaliana bahari ipi. Tisa kati yetu hawakuwa wamewahi kupita Mtito Andei, lakini ukiwasikia wakibishana kuhusu mchanga ungedhani wamezaliwa ndani ya mtumbwi. Nimeona posa zikijibiwa kwa maswali machache kuliko yale.

Tulikutana kwenye banda langu la kinyozi, kati ya Olympic na Kianda, hatua chache kutoka relini. Mimi ndiye katibu wa chama, kwa sababu mimi ndiye mwenye viti. Reli inayopita nyuma ya kioo changu imeungana na ile ambayo Waingereza walianza kuijenga Mombasa mwaka 1896, na hilo lilimpa Mwenyekiti kiburi cha ajabu. Alikuwa akielekeza mkono mahali mama mboga wanapopanga nyanya kando ya mataruma, anasema, "Bahari iko mwisho wa hiki chuma. Sisi na Mombasa ni majirani, ila kuna masafa kidogo."

Wa kwanza kutoa hoja alikuwa bibi kizee tunayemwita Dani, ambaye kwao ni Homa Bay. Hakuona sababu ya safari yenyewe. Kwao kuna bichi tele, alisema, na hakuna hata moja ambayo mtu huendea kulala chali. Bichi ni mahali pa kazi: nyavu zinashonwa, samaki wanapimwa, wanawake wanangojea boti tangu alfajiri. "Ninyi mnataka kulipa pesa mkalale mahali watu wanapofanyia kazi?" Tulimwambia hii ni likizo. Akauliza likizo ni ya kutoka wapi, kwani Mwenyekiti ana kazi gani. Hoja hiyo tuliiahirisha.

Diani iliongoza kwa wiki nne. Mchanga mweupe kama unga wa gredi ya kwanza, miamba ya matumbawe inayozuia mawimbi makubwa, picha zake ziko kwenye kila kalenda. Kisha Mwekahazina akagundua kwamba kule kuna mbega, na kwamba juu ya barabara ya Diani wamefungiwa madaraja ya kamba ili wavuke bila kugongwa na magari. Ukimya uliingia bandani. Kwetu kuna mtaro ambao tumekuwa tukiuombea daraja kwa kila mgombea tangu Kibra iwe eneobunge linalojitegemea mwaka 2013, na hadi leo tunauvuka kwa ubao wa kitanda. Kwenda kulipa pesa zetu mahali ambapo nyani wana madaraja, Mwekahazina alisema, ni kujidhalilisha. Nilimweleza kwamba mbega si nyani. Akaniuliza niko upande gani.

Lamu ilikaa mezani dakika kumi. Mji ni mzuri, umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, watu wanatembea kwa punda. Tukapiga hesabu ya mwendo wa basi, kisha boti, tukaona tukifika itabidi tusalimie tu na kugeuka.

Malindi niliiangusha mwenyewe, na ninakiri nilifanya hivyo kwa kujionyesha. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuipenda: ile nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga pale mwaka 1498, na wazee wa mji wanaokusalimu kwa Kiitaliano. Nikasimama na ramani ya shuleni ya mtoto wangu. Maji ya mtaro wetu, nikasema, hushuka hadi Bwawa la Nairobi. Kutoka hapo ni Mto Ngong, unaokatiza Industrial Area na kuingia Mto Nairobi, nao unaingia Athi. Athi ukishakutana na Tsavo unajiita Galana, ukikaribia pwani unajiita Sabaki, yaani unabadilisha majina njia nzima kama mtu anayekimbia madeni. Na Sabaki humwaga mzigo wake baharini kaskazini kidogo ya Malindi, na wakati wa mvua bahari ya pale hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Kila mtu alinyamaza, akikumbuka vitu alivyowahi kutupa mtaroni usiku. Mama wa mandazi, ambaye mvua za Aprili 2024 zilimzolea kandambili, karai na mlango wa choo, ndiye aliyeuliza: "Kwa hiyo tulipe nauli twende tukaogelee kwenye mtaro wetu wenyewe?"

Malindi ikafa. Kura zikaangukia Mombasa, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao watu wote huuita Pirates. Hakuna kiingilio, kuna ngamia wa kupanda, kuna matyubu ya kukodi kwa asiyejua kuogelea, na wengi wetu kuogelea tunakujua kwa kusikia tu. Ikabaki kuchagua tarehe. Hapo ndipo tulipomwalika mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa mpwa wangu anayeishi Rostock, Ujerumani, kwenye Bahari ya Baltiki. Yeye huenda ufukweni kila Jumapili ya kiangazi, kwa hiyo tulimweka kwenye simu, sauti kubwa, simu ikaegemezwa kwenye chupa ya spiriti. Alianza kwa kututumia picha. Ufuo mpana, mchanga safi, na juu yake mamia ya vikapu vikubwa vyenye paa, kila kikapu na mzungu wake ndani, amevaa sweta. Alieleza kwamba upepo wa kule hauna huruma, na kwamba ni fundi vikapu wa Rostock, Wilhelm Bartelmann, aliyeunda kiti hicho mwaka 1882 kwa ajili ya mama mmoja mwenye baridi yabisi aliyeipenda bahari kuliko mifupa yake. Dani aliisogeza simu karibu na jicho. "Kumbe wanawekwa kwenye matenga," akasema. "Kama kuku wa kwenda Gikomba."

Mpwa wangu alitushauri kwa kina. Tuangalie upepo. Tuangalie jua. Na kama tunataka picha nzuri za usiku, tuchague wikendi ya mwezi mpevu. Kila alichosema nilikiandika. Ilichukua muda kabla sijaelewa kosa letu: Baltiki ni bahari iliyofungiwa, hainyanyuki wala haishuki ila kwa vidole vichache. Ukiiacha jioni, asubuhi unaikuta palepale. Mtu aliyejifunza bahari kwenye Baltiki ni kama mtu aliyejifunza kuendesha matatu kwenye maegesho.

Na mjuzi tulikuwa naye hapohapo. Jirani yetu mmoja anatoka Kilifi, anakaanga viazi karai pale steji ya Olympic, sote tunamwita Mpwani. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imenyolewa, akisikiliza. Si mwanachama, na kanuni yetu ya tisa inasema asiye mwanachama haongei mkutanoni. Lakini aliposikia mwezi mpevu hakuweza kuvumilia.

"Samahani, wazee. Mmeangalia maji?"

Mwenyekiti akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo. Maji tumeuliza. Lojingi ina tangi la lita elfu kumi.

"La, bwana. Nasema ya baharini. Siku hiyo asubuhi maji yatatoka."

Sarang'ombe nzima inajua maana ya maji kutoka. Maana yake mfereji umefunguka, beba jerikani, kimbia. Watu walipiga makofi. Mama wa mandazi alimshukuru Mungu kwa sauti. Mpwani alifungua kinywa mara ya pili, Mwenyekiti akamkumbusha kanuni ya tisa, nami nikamalizia ile nusu ya kichwa.

Kwa kuwa tulichagua ufuo kwa miezi saba, treni ya Madaraka ilijaa kabla hatujakata tiketi. Mwekahazina alifurahi, kwani tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Tukapanda basi la usiku. Siwezi kusema mengi kuhusu basi hilo, maana mbele yangu kulikuwa na gunia la vitunguu, nalo lilisafiri vizuri kuliko mimi.

Vifaa tulikuwa tumenunua soko la Toi, kwenye mitumba. Mwenyekiti alipata kitu alichokiita suti ya bahari: nguo nyeusi nzito ya mpira, mikono mirefu, miguu mirefu, zipu mgongoni, shilingi 350. Huenda ilitokea kwenye mojawapo ya bahari za mpwa wangu, maana ilishonwa kwa ajili ya watu wanaoogopa maji kuwagandisha. Aliivaa lojingini, Bamburi, saa tatu asubuhi. Lojingi ilikuwa imetangazwa kuwa dakika mbili kutoka baharini. Hawakusema dakika mbili kwa nini. Kwa boda ilikuwa saba, na sisi tulitembea. Kufikia robo ya njia Mwenyekiti alikuwa anatoa mlio kama jiko la presha.

Tulifika ufukweni saa nne na nusu, tukiwa na sufuria kubwa ya pilau ya chama, jerikani mbili na blanketi.

Bahari haikuwepo.

Sitanii. Kulikuwa na mchanga, kisha mchanga uliolowa, kisha mwani, kisha miamba yenye vidimbwi, na mbali kabisa, mahali mtu anapoonekana kama kiberiti, mstari mweupe. Tulisimama watu kumi na mmoja tukiangalia tulichokilipia elfu sita kila mtu. Mwenyekiti aliuliza kijana wa ngamia kama tumekosea mahali. Kijana alimtazama ile suti, akamtazama uso, akasema kwa adabu, "Hapana, mzee. Ni papa hapa. Yametoka."

Dani ndiye aliyekuwa na neno. "Ziwa letu," alisema taratibu, "halijawahi kwenda popote."

Nilimpigia Mpwani. Nilisikia mafuta ya karai yakichemka nyuma yake, na kwa heshima yake niseme hakucheka mpaka nilipomaliza. Kisha alinieleza kile alichotaka kueleza ile siku. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, jua na mwezi huvuta pamoja, na hapo ndipo pana bamvua. Maji hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, tofauti yake ikipita mita 3. Na Mombasa bamvua ina ratiba yake: maji makubwa alfajiri na alasiri, makavu katikati ya asubuhi, wakati uleule watu wa bara wanapowasili na sufuria. "Ngojeni," akasema. "Yatarudi saa kumi hivi. Lakini msikae chini. Kaeni juu, karibu na minazi."

Hiyo sehemu ya mwisho nilipaswa kuwaambia wenzangu. Lakini wakati huo Mwenyekiti alikuwa amekaribia kuzimia na tulikuwa watatu tukimtoa kwenye ile suti, mmoja akivuta zipu, mmoja mkono, mmoja mguu. Ilimtoka kidogokidogo, kama ganda la muhogo. Watoto wa pwani walikusanyika. Mmoja aliuliza kama tunatoza pesa za kutazama.

Mambo yakawa mazuri baada ya hapo. Tukaigeuza sakafu ya bahari uwanja. Tulicheza mpira mahali ambapo mchana ule ramani yoyote ingeandika Bahari ya Hindi. Mama wa mandazi alimtazama nyota wa baharini kwenye kidimbwi kwa nusu saa nzima, akamkemea mtoto aliyetaka kumgusa. Tulinunua madafu, na achari, na mabuyu mekundu yaliyotupaka midomo kama tumekula damu. Pilau tuliiweka mbali, kwenye kichuguu cha mchanga katikati ya uwanja, ili mbwa wasiifikie. Tukalala.

Aliyetuamsha ni Mwekahazina, aliyeota kwamba chama kimefilisika na kuamka na miguu yake majini. Bahari haikuja kwa kishindo. Ilikuwa imetuzunguka kwa nyuma kupitia bonde dogo la mchanga, bila kupiga hodi, na sasa tulikuwa kisiwani na blanketi letu. Tulikimbia. Watu waliokuwa hawajui kuogelea waligundua kwamba maji ya magotini hayataki ujuzi, yanataka mayowe. Dani nilimbeba mgongoni, naye njia nzima alikuwa akinielekeza kushoto, kulia, kama nahodha.

Tulipofika kwenye minazi tukahesabiana. Kumi na mmoja. Kandambili saba. Jerikani moja. Suti ya bahari ilikuwepo, maana hakuna aliyeitaka, hata bahari yenyewe.

Sufuria ndiyo ilikuwa inaondoka. Ilikuwa imeinuka na mfuniko wake, imara, haina haraka, na kwa kuwa ilikuwa Agosti na kusi lilikuwa linavuma, ilishika njia ya kaskazini sambamba na ufuo, nusu ya pilau yetu ikiwa bado ndani. Kijana mmoja wa matyubu alijitolea kuifuata kwa shilingi 500. Mwekahazina akasema sufuria yenyewe ilinunuliwa 1,800 mwaka 2019, ukitoa uchakavu... na wakati anatoa uchakavu sufuria ilizidi kuwa ndogo.

"Inaelekea wapi?" Dani akauliza.

Nikamwambia huko mbele ni Mtwapa, halafu Kilifi, halafu Watamu.

"Na baada ya hapo?"

"Malindi."

Alitikisa kichwa, akakunja ncha ya leso kukamua maji. "Basi itakutana na ule mlango wa choo."

Mwekahazina alinigeukia na kuniagiza, kama katibu, niandike kwenye daftari la mali za chama: sufuria moja, namba 40, haijapotea, iko Malindi.