Niko kwenye Pantoni

Dar es Salaam kila mtu ana haraka na hakuna anayewahi. Bodaboda ana haraka, anapita njia ya waenda kwa miguu huku akiwapigia honi wenye njia yao. Kondakta ana haraka, anagonga bati gari liondoke wakati mguu wako mmoja bado uko chini. Asiye na haraka ni karani wa benki peke yake, na kwa bahati mbaya pesa yako iko kwake.

Juzi nilikuwa na shughuli za kawaida za mtu mzima: kupita benki, kuchukua karatasi fulani kwenye ofisi fulani, halafu kikao kazini. Benki wakasema mtandao unasumbua. Huu mtandao ungekuwa binadamu tungeshamchangia matibabu, maana hakuna ofisi ambayo hajaugulia. Kwenye ofisi ya karatasi nikaambiwa imepungua kopi ya kitambulisho. Nikaenda kutoa kopi. Narudi, aliyeidai ameenda kula. Aliyebaki akaniambia kwa upole kwamba kopi haihitajiki, anayehitajika ni yule aliyeenda kula.

Muda wote huo simu haikutulia. Kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, mweka hazina alikuwa anarusha orodha ya wachangiaji kila akikaa kidogo, na jina langu liko mkiani, mbele yake pameandikwa "ahadi". Bosi akapiga: uko wapi? Mama watoto akapiga: uko wapi? Halafu akapiga fundi bomba, ambaye wiki nzima alikuwa ananiambia yuko njiani: "Mzee, nimefika kwako Kigamboni, mbona geti limefungwa?" Katika siku zote za Mungu amechagua ile ambayo nyumbani hakuna mtu na mimi niko Posta.

Hilo swali la "uko wapi" ndilo linalotuzeesha. Haliulizwi ili ujibu. Linaulizwa ili ujione mchelewaji. Na hakuna jibu linaloaminika. "Niko njiani" maana yake bado unatafuta soksi. "Niko kwenye foleni" lilikuwa jibu la heshima zamani, mpaka watu walipojua kuitazama foleni kwenye simu zao. Sasa unamwambia mtu umekwama Tazara, anakujibu kwamba kwenye ramani Tazara ni kijani.

Basi, ili nimuwahi fundi, nikashuka Magogoni mbio, nikalipa, nikasukumana na wanaosukumana, nikaingia pantoni ya kuvukia Kigamboni. Jua la saa saba liko utosini. Watu tumejaa, magari yamepangwa yakagusana vioo, mikokoteni imeingizwa kwenye nafasi ambazo hata paka angefikiria mara mbili, na lango limeshapandishwa. Nikajiandaa kuvuka. Hatukuondoka.

Meli ilikuwa inaingia bandarini. Wanaovuka pale wanajua: mlango wa bandari ni mwembamba, nao ndio huohuo tunaoukata sisi kwenda ng'ambo. Meli kubwa ikitokeza, pantoni inasubiri. Dude lenye shehena lile halifungi breki ili fundi bomba wa mtu asikasirike.

Mimi nikasimama kwenye chuma cha pembeni, nachungulia kama mtu ambaye macho yake yanaweza kuivuta meli. Mama mmoja, ndoo ya samaki wa Feri iko mbele yake, akaniangalia kwa muda.

"Kaa chini, baba," akasema. "Hata ukisimama, wenye meli hawakuoni."

"Shikamoo, mama. Nina mtu ananisubiri."

"Marahaba. Mwambie uko kwenye pantoni."

Simu ikaita, fundi. Nikamwambia niko kwenye pantoni, tunapisha meli. Nilitegemea maneno. Akasema, "Aa, sawa mzee, nipo hapa kivulini." Basi! Bosi akapiga, nikampa jibu lilelile, akaguna, akasema kikao wataanza na ajenda nyingine. Mama watoto hakusema hata neno la pili, maana honi ya meli ilimjibu kwa niaba yangu.

Nikakaa. Meli ikapita mbele yetu taratibu, ukuta wa chuma wenye makontena ya kila rangi, ikiongozwa na boti ndogo iliyojiamini kupita kiasi. Madereva walikuwa wamezima injini. Muuza karanga ameacha kupiga kelele, anahesabu chenji. Upepo wa bahari, ambao Posta unazuiwa na maghorofa, pale unafika wote bila kupunguzwa. Watu wazima tulikuwa tumekodolea macho meli kama watoto wa chekechea, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuna aliyekuwa ananidai kitu ambacho ningeweza kukitoa.

Nikaelewa kilichokuwa kinanichosha. Kazi zilikuwa zilezile, hata moja haikupungua. Kilichopungua ni ile imani kwamba ningekimbia kidogo tu zaidi ningewahi. Barabarani kila kuchelewa ni kosa lako: ungetoka mapema, ungepita kule, ungepanda boda. Kwenye pantoni huna la kufanya, na kila mtu anajua huna la kufanya. Mwaka 2012, nauli ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, waziri wa ujenzi wa wakati ule, John Magufuli, aliwaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Watu walinuna, lakini tangu hapo hakuna aliyewahi kupendekeza njia ya mkato iliyo fupi kuliko hiyo.

Mtaniambia daraja la Kigamboni lipo. Najua lipo. Lilifunguliwa Aprili 2016 na Magufuli huyohuyo, safari hii akiwa rais, likapewa jina la Nyerere, na lina urefu wa mita 680. Kwa aliyekuwa akizunguka Kongowe kwa gari, hiyo ni neema, siikatai. Lakini jirani yangu anayepita darajani anafika nyumbani amenuna kuliko mimi. Yeye ana gari, ana tozo, ana foleni ya kuingia mjini, na akichelewa anaulizwa kwa nini. Aseme nini? Kwamba alisimama darajani kupisha meli inayopita chini?

Kwa hiyo nina ombi kwa wakubwa. Mkishamaliza mipango yote ya kutuharakisha, mtuachie hata sehemu moja ambayo haraka haisaidii kitu. Na tafadhali msije mkatuwekea spika za kututangazia dawa ya meno humo ndani.

Wewe abiria mwenzangu nina neno na wewe pia. Pantoni ikiwa bado katikati ya maji, utakuta umeshabanana na wenzako mbele ya lango, mzigo kichwani, kiwiko kwenye mbavu zangu. Unakwenda wapi? Lango halishuki mpaka tufike, na tukifika tutashuka wote. Bosi wako ameshaambiwa uko kwenye pantoni. Kaa chini, utoe kiwiko.