Iliyosikika Haiandikwi

Jumatatu

Mtoto wa kaka yangu aliingia jana usiku kutoka Nairobi kwa likizo ya Agosti, na begi la nguo, chaja mbili, na agizo la mama yake kwamba asikae juani. Leo nimempeleka reli. Nilikuwa nimemwahidi mchezo niliofundishwa na khocha, mjomba wangu, nikiwa na umri kama wake: unasimama mahali reli inapoonekana, unangoja injini, unasoma namba yake, unaiandika.

"Halafu, senge?" Ndivyo anavyoniita mimi, shangazi yake.

Halafu unangoja nyingine.

Daftari la mistari lilikosekana dukani, tukachukua la miraba. Tulisimama karibu na kivuko. Palikuwa na mzee anayechunga mbuzi kando ya mataruma. Nilimsalimu, nikamuuliza treni hupita saa ngapi. "Ikija utaiona." Hutokea upande gani? "Kama si Webuye, ni Malaba." Siwezi kumlaumu, alilosema ni kweli tupu. Kufikia saa kumi na moja jioni kijana alikuwa ameandika mbuzi wote, kila mmoja na mraba wake. Kwao ni Syokimau, jirani na stesheni kuu ya SGR. Huko, alinieleza, treni ina saa yake, na saa hiyo ikifika inaondoka. Alinieleza taratibu, kama daktari anayezungumza na mgonjwa.

Jumanne

Asubuhi hapakuwa na kitu. Saa nane mvua ikaja, tukajibanza kwenye kibanda cha mahindi choma. Trekta la miwa likaja kuegesha baina yetu na reli, dereva akashuka kununua hindi. Hapo ndipo treni ilipopita. Tulisikia honi, tukasikia ardhi ikitetema, na magurudumu yakigonga maungio ya reli kwa muda mrefu, maana yake mabehewa yalikuwa mengi. Tuliona miwa. Dereva alimaliza hindi lake, akachokonoa meno, akaondoka. Reli ikawa wazi kabisa.

Kijana alitaka kuandika "treni moja". Nilimkatalia. Sheria ya khocha ni kwamba iliyosikika haiandikwi, wala iliyosimuliwa. Inaandikwa ile uliyoisoma kwa macho yako.

Khocha alikuwa karani wa ofisi mjini Nairobi na hakuwahi kuajiriwa na reli hata siku moja. Alikuwa tu amepanga chumba Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, akawa anaishi katikati ya watu waliorudi jioni wamechoshwa na treni na kumkuta yeye mlangoni anataka kuzizungumzia. Miaka ya 1980, mimi na kaka yangu tulipelekwa kwake likizo. Majirani zetu wa Bungoma walidhani tunakwenda kuona majumba marefu na mabembea ya Uhuru Park. Tulikuwa tukisimama stesheni.

Alitufundisha kwamba tarakimu mbili za mwanzo ndizo ukoo wa injini. Iliyoanza na 87 ilitoka Uingereza, na ukoo huo uliingia mwaka 1960. Iliyoanza na 93 ilitoka Marekani, imeundwa na General Electric, ikaja mwishoni mwa miaka ya 1970. Tukaziita Mwingereza na Mmarekani. Kaka alikuwa upande wa Waingereza, na hakuwahi kutoa sababu. Jioni treni ya Kisumu iliondoka kwanza, kisha ya Mombasa, na khocha hakukubali turudi nyumbani kwa miguu kabla hatujazisoma zote mbili.

Siku moja askari alitusimamisha akitaka kujua kwa nini watoto wanaandika namba za mali ya serikali. Khocha akamwambia ni hesabu za shule. Askari alilichukua daftari, akalipitia ukurasa mzima, akauliza jumla iko wapi. Kaka alilazimika kujumlisha injini zote papo hapo, amesimama. Alikosea. Askari akamrekebisha, akaturuhusu twende.

Jumatano

Suruali ya kijana imefuliwa. Daftari lilikuwa mfukoni. Mbuzi wote wamefutika.

Alhamisi

Kitale. Hoja yangu ilikuwa kwamba stesheni ya Kitale ndiyo mwisho wa reli, kwa hiyo huwezi kukosea upande wa kutazama. Kijana akauliza kama kuna treni. Nikamwambia hapana, ni miaka mingi sasa, lakini stesheni nayo ni sehemu ya mchezo. Hakusema kitu. Alitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezimika.

Tawi hilo lilifunguliwa mwaka 1926. Linachepuka Leseru, linapita Soy na Moi's Bridge, ambayo wakati huo iliitwa Hoey's Bridge, na lilijengwa kwa ajili ya mazao ya walowezi wa Trans Nzoia. Mahindi bado yapo tele. Yanaondoka kwa lori.

Kwenye matatu tuliketi pamoja na jogoo aliyefungwa miguu. Aliwekwa chini, karibu na viatu vya kijana, na tulipofika Kitale kiatu kimoja hakikuwa na kamba. Tulifuata reli pale inapoonekana, na pale isipoonekana tulifuata majani marefu. Kijana alisimama juu ya chuma akaniomba nimpige picha. Alikuwa amesimama juu ya siafu. Suruali, ile ile ya jana, ilivuliwa mbele ya akina mama wauza mboga, nao walitusaidia kwa ushauri, kisha kwa kicheko. Mmoja akauliza tunatafuta nini huko. Nikamwambia treni.

"Mama, treni ziko Bungoma."

Ijumaa

Tumeshinda nyumbani kwa sababu ya siafu. Asubuhi Mlima Elgon ulionekana wote, bila wingu, nikamsimulia kijana jambo ambalo bado linaniudhi.

Karibu na stesheni ya Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, na humo injini za mvuke zimeegeshwa nje kwenye majani. Kubwa kuliko zote ni zile za ukoo wa 59. Ziliundwa 34 Manchester, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, zikaletwa katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ina uzito wa tani 250 hivi, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mojawapo iliitwa Mount Elgon. Khocha aliponiambia hivyo sikulala. Asubuhi tukaenda. Makumbusho yamehifadhi mbili, Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Wangu, ambao nauona nikitoka chooni, uliuzwa kama chuma chakavu.

Baadaye nilijua kwamba hata ingekuwapo isingenifaa. Injini hizo zilikuwa nzito mno kwa reli za huku kwetu, na kazi yake hasa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Sisi tuliletewa ndugu zao wepesi, ukoo wa 60, waliopewa majina ya magavana. Mmoja yuko pale makumbusho, Sir Harold MacMichael. Nilijipa moyo kwamba angalau huyu ni wa kwetu. Alikuwa gavana wa Tanganyika.

Kaka yangu yeye hakujali milima. Alinaswa na behewa ambamo ofisa wa polisi, Charles Ryall, alivutwa na simba akatolewa nje mwezi Juni 1900, pale stesheni ya Kima. Ryall alikuwa amekaa humo akimvizia simba huyo huyo, akasinzia. Khocha alituhadithia kisa chote tukiwa mbele ya behewa lenyewe, kwa sauti ya chini, huku akionyesha dirisha. Usiku ule Makongeni sufuria zote ziliegemezwa mlangoni. Na tuliporudi nyumbani kwa treni ya usiku ya Malaba, daraja la tatu, kaka alikataa kukaa dirishani. Treni ilipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, na dirisha lililokuwa wazi lilikuwa langu. Tulijua tumefika Webuye kwa pua, kwa sababu ya kiwanda cha karatasi. Hapo abiria wa Bungoma walianza kushusha mizigo, ingawa safari ilikuwa bado.

Kijana aliuliza injini ya mvuke ilitumia nini. Mafuta mazito na maji. Akauliza kama maji yalichemka muda wote. Nikasema ndiyo, yakikauka ni hatari kubwa. Akaniambia kuna harufu jikoni. Birika limeungua, halifai tena.

Jumamosi

Imekuja. Saa nne asubuhi, jua kali, hakuna trekta. Tuliisikia ikitoka upande wa Webuye, ikapunguza mwendo, ikapita kivukoni wakati boda boda yetu ikiwa imezimika mita chache kutoka hapo kwa kukosa petroli, halafu ikasimama. Mbele yetu palikuwa na tangi la mafuta. Injini ilikuwa mbali, nyuma ya kona. Tukatembea kuifuata kando ya mabehewa. Mama mmoja alikuwa amekwama upande wa pili na kuku wa kupeleka soko la Chepkube, akauliza kama sisi ndio tunaohusika. Tulipoikaribia kona, ikaanza kuondoka. Kijana alikimbia. Mimi nilikuwa na viatu vya kanisani.

Aliifikia, akaisoma, akarudi anahema. Ni Mmarekani, alisema, inaanza na 93. Mwanzo wa wiki hakujua maana yake. Nikamuuliza tarakimu mbili za mwisho. Akanikumbusha kwamba iliyosimuliwa haiandikwi. Nikamwambia mimi ni senge yake. Akasema atanitajia nikimnunulia baiskeli.

Jumapili

Amepanda basi la asubuhi, na daftari lake jipya, lenye mistari. Mama yake amepiga simu kuuliza siafu ni wa nini. Kaka yangu naye amechukua simu kuuliza kama ilikuwa 87.

Kwa hiyo naomba hivi. Msomaji unayeishi kando ya reli kati ya Eldoret na Malaba, ukiona treni ya mizigo inaelekea Bungoma mchana, usinitajie namba, haitanisaidia. Niambie tu imepita kwako saa ngapi.